Geji ya Ishirini

Jina la Mzee Nukta alilipata kazini, na alilipata kwa kuchekwa. Wahudumu wengine wa visima vya mafuta walipoulizwa presha ya kisima, walijibu kumi, au kumi na mbili, au "ipo tu, bosi." Yeye alijibu, "Kumi na mbili nukta nne." Siku ya kwanza ofisi nzima iliangua kicheko mpaka msimamizi akafuta machozi kwa mkono wa shati. Tangu hapo hakupumua. Akifika asubuhi, mmoja anauliza, "Mzee Nukta, jana umelala saa ngapi?" na mwingine anajibu kwa niaba yake, "Nne nukta tano." Naye anacheka nao, anatundika begi begani, anaondoka. Hakuwa mtu wa kununa.

Mkewe ni mfumaji wa sweta za shule. Jina lile lilimkera mwanzoni, maana aliona wanamdharau mtu mzima. Baadaye akagundua kwamba mwenyewe analipenda. Siku moja alimkuta ameliandika kwa rangi nyeupe kwenye kisanduku chake cha spana. Akaachana nalo, na akitaka kumchokoza akawa analitumia na yeye.

Kazi ya mume wake ilikuwa kuzunguka visima kumi na kimoja vilivyotawanyika kwenye uwanda wa nyasi kavu nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Asiyejua akisikia kisima cha mafuta hudhani ni shimo linalofoka. Si hivyo. Ni bomba nene lililosimama kimo cha kifua, lenye vali kama usukani wa gari, na pembeni yake geji, yaani kile kioo cha mviringo kama saa ya ukutani chenye mshale mmoja, kinachoonyesha mafuta na gesi vinasukuma kwa nguvu kiasi gani kutoka chini. Kila asubuhi, baada ya sala, Mzee Nukta alipanda pikipiki akapita kisima kimoja baada ya kingine. Anafuta vumbi kioo, anachuchumaa, anasoma, anaandika kwenye daftari. Miaka kumi na tisa. Ovaroli yake ilipauka magotini kuliko kwingine kote, na mkewe alikuwa akisema hajui ni magoti ya kazini au ya kitandani, maana alisali sana.

Kisima namba saba kilikuwa cha kwanza kukabidhiwa. Enzi hizo kilikuwa na nguvu za kutisha. Geji yake ilikuwa na namba mpaka mia tatu na hamsini, na mshale ulisimama juu ya mia mbili kama askari. Miaka ikaenda, mafuta yakatoka, nguvu zikakiishia kama zinavyomwishia mtu. Mwishowe mshale ukalala chini kabisa, karibu na sifuri, na kwa geji kubwa namna ile usingeweza kujua kisima kinapumua au kimeshakata roho. Ofisi nayo ilikuwa na sheria yake: kisima kinachosoma sifuri miezi mitatu mfululizo kinamwagiwa saruji na kuzibwa.

Ndipo Mzee Nukta alipofanya jambo lililompa sifa, na ndilo hilo lililokuja kummaliza. Alikwenda stoo akaomba geji ndogo, yenye namba mpaka ishirini tu. Akaitoa ile kubwa, akaifunga hii. Na kwenye geji hii ndogo, kisima walichokidhania maiti kikasoma kumi na mbili nukta nne. Msimamizi alipoona alimpiga begani. "Mzee, umefufua mtu!" Saruji haikumwagwa. Ila hakuna aliyeandika popote kwamba geji imebadilishwa. Kwenye fomu za ofisi, namba saba iliendelea kuwa na geji ya mia tatu na hamsini.

Nyumbani kisima hicho kilikuwa na jina lake. Mkewe alikiita Bi Mdogo.

"Bi Mdogo hajambo?" anamwuliza jioni akimwekea maji ya kuoga.

"Hajambo, Bi Mkubwa. Kumi na mbili nukta tatu."

"Kapungua nukta moja. Hukumbembeleza leo."

Siku moja ya mapumziko Mzee Nukta alimpakia mkewe kwenye pikipiki akampeleka kumwona. Alivaa kitenge kizuri, kama mtu aendaye ugenini. Mumewe akamwambia, "Mwekee mkono." Akaweka kiganja juu ya bomba. Lilikuwa na uvuguvugu, na ndani yake kulikuwa na mtetemo mdogo sana, kama wa paka aliyelala. Akashtuka, kisha akajikaza, akasema kwa sauti ya ugomvi wa utani, "Wewe Bi Mdogo, nimekuja tujuane. Huyu mwanamume nakuachia kila asubuhi. Jioni nirudishie akiwa mzima." Mzee Nukta alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Maneno hayo mkewe anayakumbuka mpaka leo, na angetoa chochote asiwe ameyasema.

Habari za kisima kipya zilikuja baada ya kiangazi. Kingechimbwa hatua mia tatu kutoka namba saba. Kingeshuka wima mpaka chini kabisa, halafu kingepinda na kulala ubavu ndani ya mwamba. Kisha malori ya pampu yangesukuma maji na mchanga kwa nguvu ya ajabu mpaka mwamba upasuke, mchanga uingie kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge, mafuta yapate njia. Kazi hiyo Mzee Nukta hakuwa na ugomvi nayo. Alichoogopa ni ujirani. Miaka sita nyuma walipasua mwamba karibu na namba tatu, na namba tatu ilitapika mchanga wiki nzima. Hilo aliliona kwa macho yake, alipokuwa nayo.

Kuchimba kulipokaribia kwisha, jioni moja alimwita mkewe chumbani akamwonyesha godoro lao. Lilikuwa godoro la sponji la miaka mingi, na upande wake, ule wa mlangoni, ulikuwa umebonyea umbo lake lote, mabega mpaka nyonga.

"Hebu nipe donge lako la uzi."

Akampa donge la uzi wa bluu. Akaliweka katikati ya godoro na kulisukuma kidogo kuelekea ukutani. Donge likasitasita, likageuka, likabingirika taratibu mpaka ndani ya bonde.

"Umeona? Nimelisukuma kule, limekwenda huku. Namba saba imelala pale miaka kumi na tisa. Imeunyonya mwamba umelegea, umekuwa hivi. Wakija kupasua jirani, ufa hautakwenda kwenye mwamba mgumu wanakotaka wao. Utakwenda kwenye bonde. Utamfuata Bi Mdogo mpaka kitandani kwake. Maji yote na mchanga wote."

Mkewe akaliangalia donge. "Sasa si uweke mto kwanza hapo kwenye shimo?"

Mzee Nukta akapiga makofi. "Jamani! Mke wangu hajakanyaga chuo hata kwa kupotea, na ameliona! Ndiyo dawa yake. Unaijaza namba saba maji, polepole, siku kumi na mbili, mpaka mwamba ukaze tena. Hapo ndipo unapasua."

Asubuhi aliandika kwenye daftari, chini ya namba za siku hiyo, kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama: *Naomba namba saba ijazwe maji siku kumi na mbili kabla ya kupasua.* Akatia sahihi na tarehe. Kisha akalipeleka ofisini mwenyewe, badala ya kusubiri mwisho wa wiki.

Injinia alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alilisoma, akavua miwani.

"Mzee wangu, sikatai. Una hoja. Lakini malori ya pampu yanaingia Jumatatu. Siku kumi na mbili nazitoa wapi? Tutakifunga kisima chako siku moja kabla, presha itajikusanya yenyewe."

"Injinia mwanangu, ukifunga mlango wa chumba kitupu, chumba kimejaa?"

Waliokuwa ofisini wakacheka. Injinia naye akatabasamu, akaona amtulize mtu mzima kwa heshima.

"Sikiliza. Tumeweka kikomo. Presha ya namba saba ikipita sitini tu, nasimamisha pampu zote. Na wewe ndiye utakayekuwa pale unasoma. Kuna mtu tunayemwamini zaidi yako?"

Hapo ndipo walipomnasa. Alikuwa amekuja kugombania maji, akapewa sifa. Alitoka amekunja uso, akiwaza maji, na akaendelea kuyawaza siku zote zilizobaki. Aliyaongelea kwa msimamizi, kwa madereva wa matenki, kwenye sala. Sitini aliisikia vizuri, na alitikisa kichwa kukubali. Lakini mtu aliyeijua geji ile kuliko uso wake mwenyewe hakukumbuka kwamba inaishia ishirini.

Siku ya kupasua, mkewe alikuwa barazani na mashine yake ya kufumia. Mvumo wa pampu ulifika mpaka pale, mzito, wa kuingia kifuani, kama mvua kubwa iliyo mbali. Hakujua lolote mpaka gari la kampuni liliposimama mlangoni. Yaliyotokea aliyasikia baadaye kwa mumewe, kitandani hospitalini. Alimsimulia mara nyingi, kila mara kwa mpangilio uleule, kama anayesoma kutoka kwenye daftari.

Pampu zilianza saa tatu. Alikuwa peke yake namba saba, na redio ya mkononi, akitoa namba kila robo saa. Kumi na tatu nukta moja. Kumi na tatu nukta moja. Kumi na tatu nukta mbili. Malori yalikuwa kule ng'ambo, hatua mia tatu, yamejipanga, na watu kama thelathini wanazunguka katikati yake. Saa tano kasoro dakika kumi, kabla zamu ya kusoma haijafika, aliona mshale unatembea. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini. Ukagonga kile kipini kidogo cha mwisho, ukakwama hapo ukitetemeka.

"Hapo ndipo nilipoikumbuka geji, mke wangu. Macho yanaona ishirini, masikio yanaisikia ile sitini."

Akabonyeza redio. "Injinia, namba saba imefika mwisho wa geji. Simamisha pampu."

"Mwisho gani, mzee? Geji yako ni ya mia tatu na hamsini."

"Hapana. Nilifunga ndogo. Hii ni ya ishirini."

"Kwa hiyo ni ishirini?"

"Ni zaidi."

"Zaidi kiasi gani?"

"Sijui."

Ndani ya gari la mitambo, nyuma ya injinia, sauti ya mwanamume ikapenya redioni. "Mwulize nukta ngapi!" Na watu wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Ni utani waliouzoea kila siku.

"Sijui," Mzee Nukta akarudia, na alimwambia mkewe kwamba neno hilo lilikuwa chungu mdomoni, maana kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuulizwa presha ya kisima akalijibu. "Simamisha tu, mwanangu. Imepanda ghafla."

"Kikomo chetu ni sitini, mzee. Nipe dakika mbili niwaulize wakubwa."

Dakika mbili zikawa nne. Aliweka kiganja kwenye bomba. Paka hakuwepo tena. Bomba lilikuwa linatetemeka kama mtu mwenye homa. Angeweza kukimbia, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini chini ya geji kuna kivali kidogo, si kikubwa kuliko kidole gumba, kinachotenga geji na kisima. Geji ikipasuka kivali kikiwa wazi, gesi na mafuta vingeruka hewani bila kizuizi, na upepo ulikuwa unaelekea kwenye malori, na injini za malori zilikuwa za moto. Akainama kukifunga. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu alikuwa anaumalizia geji ilipompasukia usoni.

Walimkuta amekaa chini, mkono ungali juu ya kivali. Kivali kilikuwa kimefungwa. Wengine wote hawakupata hata mkwaruzo.

Jicho la kulia lilikwisha palepale. La kushoto lilibaki kutofautisha dirisha na ukuta, basi. Mkewe alipoingia wodini na kuona kile kichwa kilichofungwa bandeji, alimshika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, akaulizwa, "Ni wewe, Bi Mkubwa?"

"Ni mimi."

"Bi Mdogo amekurudishia."

"Nusu," alisema mkewe. "Sikumwambia anirudishie nusu." Walijaribu kucheka. Haikuwezekana.

Siku moja kabla ya kikao cha uchunguzi, saa kumi jioni, msimamizi alikuja nyumbani. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mgeni wa posa. Alizungumza kwa sauti ya chini ingawa hapakuwa na mtu mwingine ila wenye nyumba na binti yao aliyekuwa anapiga pasi.

"Kaka, ile geji imekwenda vipande vipande. Hakuna wa kujua ilikuwa ya ngapi."

"Injinia alinisikia redioni."

"Injinia atasema palikuwa na kelele. Tumeshazungumza. Wewe sema ilikuwa ileile kubwa, ilikuwa mbovu toka kiwandani. Inaishia hapo. Wewe salama, na sisi salama."

"Na zile dakika nne?"

Msimamizi aliangalia kofia yake. "Na hizo zinaishia hapohapo."

Mzee Nukta alicheka kidogo kwa pua. "Kumbe ni geji ya watu wengi."

Mkewe ndiye aliyemsihi. Alikaa chini miguuni pake. "Mume wangu, sema hivyo wanavyotaka. Mungu aliiona geji yenyewe, hana haja ya kusomewa na wewe."

"Nitaapa kwa jina lake, mama. Nitamsomea namba ya uongo nikiwa nimeshika kitabu chake? Sijawahi kuandika nukta moja ya uongo nilipokuwa na macho. Nianze leo sina?" Kisha akageuza uso kuelekea alikodhani msimamizi yupo. "Nitasema yote mawili, kaka. Geji ni kosa langu, nilisahau. Maji ni kosa lenu, niliandika. Yapimwe pamoja."

Msimamizi aliondoka bila kumaliza kinywaji chake.

Kikao kilikuwa cha watu watatu nyuma ya meza ndefu, na karani pembeni. Mkewe alimwongoza mpaka kwenye kiti, akakaa naye, mkono juu ya mkono. Akaapa. Akasimulia bila kujitetea. Alibadilisha geji lini, kwa nini, na kwamba akili yake ilikuwa kwenye maji ikaisahau geji. Kalamu ya karani ilikuwa inakimbia. Kisha akaanza kueleza ombi lake la kujaza maji, tarehe yake, ukurasa wake, na injinia alivyomjibu. Mkewe aliinua macho. Kalamu ilikuwa imelazwa mezani. Karani alikuwa anafungua chupa ya maji.

"Bwana karani," mkewe alisema, "mbona huandiki?"

Mwenyekiti alimjibu kwa upole. "Mama, hayo ni mambo ya mipango. Sisi tunachunguza tukio."

"Tukio lilianza siku ile niliyoandika," Mzee Nukta akasema.

"Tunakushukuru sana kwa uwazi wako, mzee."

Ripoti ililetwa baada ya wiki tatu kwenye bahasha ya kahawia. Binti yao ndiye aliyeisoma, amesimama dirishani. Ilikuwa kurasa mbili. *Chanzo cha tukio: mhudumu alibadilisha kifaa cha kupimia bila idhini.* Akasoma mpaka mwisho. Baba yake alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Maji wameyataja wapi?"

"Hawajayataja, baba."

"Soma tena ule wa pili."

Akasoma tena.

"Angalia nyuma ya karatasi."

Binti aliigeuza. Nyuma palikuwa peupe. Akaigeuza tena mara mbili, baba yake akisikia karatasi inavyolia mikononi mwake, na kwa mlio huo akaelewa.

Kuanzia hapo hakutaka kingine. Wengine walimshauri adai hiki na kile. Yeye alitaka mstari mmoja tu uongezwe kwenye ripoti, kwamba mhudumu aliomba kisima kijazwe maji, tarehe fulani, na hakikujazwa. Binti aliandika barua tatu kwa maneno ya baba yake, na mama alizipeleka kwa miguu mpaka mapokezi, akagongewa muhuri kila mara. Barua ya kwanza walijibu kwamba daftari liko masijala. Ya pili, kwamba faili limefungwa. Ya tatu hawakujibu.

Uchungu mwingine ulikuja kwa mdomo wa wafanyakazi wenzake waliopita kumjulia hali. Kisima kipya chenyewe hakikuwa na la maana. Nusu ya maji na mchanga wake ilikuwa imekimbilia bondeni kwa jirani, kama donge la uzi. Namba saba ilijaa mchanga mpaka shingoni, ikazibwa kwa saruji. Alipoambiwa habari ya saruji, Mzee Nukta aliuliza jambo moja tu.

"Walimsomea kwanza?"

Hakuna aliyejua.

Alikufa mwezi wa tisa baada ya ajali, kwa homa ya mapafu ambayo daktari alisema mtu wa umri wake angeishinda kama angetaka. Mungu amlaze pema. Watu wa sala walikuja, wakasema Mungu ametoa na Mungu ametwaa, na mkewe alisema amina kwa mdomo. Moyoni alikuwa na swali, na anaendelea kumwuliza Mungu swali hilo kila alfajiri, kwa adabu, kama mtu anayepeleka barua mapokezi. Anamwuliza, je, mtumishi wako akisema kweli yote, kwa nini unawaachia wachukue nusu?

Siku ya nne ya msiba, msimamizi alikuja. Alikaa na wanaume nje, kisha akaomba kuonana na mjane. Alikuwa amekonda kidogo. Alisema pole, halafu akasema alilokuja kusema, na ilionekana anadhani analeta zawadi.

"Shemeji, nilitaka ujue. Wiki mbili zilizopita tumepasua kisima kingine, karibu na namba nne. Namba nne tuliijaza maji kwanza. Siku kumi na mbili."

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili kamili. Na geji tulifunga kubwa. Mshale haukutikisika. Injinia alilia kidogo, shemeji. Marehemu alikuwa sahihi."

"Na kwenye karatasi zenu mmeandika ni maneno ya nani?"

Msimamizi alikohoa. "Unajua ofisi. Pale wameandika... uzoefu uliopatikana."

"Uzoefu uliopatikana." Mjane aliyarudia maneno hayo polepole, kama anayejaribu sindano kwenye kitambaa. "Huyo uzoefu ana mke?"

"Shemeji..."

"Nauliza tu. Ana macho? Mlimzika wapi?"

Msimamizi aliinamisha kichwa. Kwa haki ya Mungu, hakujitetea. Mjane alimsindikiza mpaka mlangoni kama inavyopasa kumsindikiza mgeni.

Bonde la godoro lipo vilevile. Alijaribu kuweka mto, ule mto aliousema yeye mwenyewe siku ile kwa utani, lakini kila asubuhi anaukuta sakafuni, na yeye yuko upande wa mlangoni.

Mwezi uliofuata familia ilijengea kaburi. Fundi alikuwa mtu wa kimya, mwenye ndoo ya saruji na msumari mrefu wa kuandikia herufi kabla haijakauka. Aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa. Jina la utani hawakuliweka. Kisha mjane akatoa kikaratasi, mwandiko wa binti yake, akamwomba aongeze mstari mmoja chini.

Fundi alikisoma mara mbili, midomo ikichezacheza. *Aliomba ijazwe maji siku kumi na mbili.*

"Maneno mazito haya, mama," alisema kwa heshima, akipiga goti na kushika msumari. "Yanatoka sura ya ngapi?"

"Hayamo huko," alisema mjane. "Yanatoka kwenye daftari. Andika kabla haijakauka."